Kupanga Mafinga

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu Uyole kwenda kununua chapati, na chapati yenyewe nikaila Igawa. Katikati palikuwa na Fuso la viazi, dereva mwenye kiti kitupu, na swali lake: "Unaelekea wapi, mwanangu?" Nikamjibu, "Kwani wewe unaelekea wapi?" Mimi ni mtu wa namna hiyo. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wakiuliza maswali ambayo majibu yake wanayo tayari, tabia ambayo mpaka leo sijaielewa.

Igawa iko chini, na jua lake halina habari kwamba ni mwezi Juni. Nilishuka kunyoosha miguu nikiwa na koti zito la mtumba, jasho likaanza kunitiririka. Mchuuzi mmoja wa kofia za ukindu akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, koti la nini? Unajichemsha mwenyewe?"

Nikaona amesema kweli. Tukabadilishana pale pale: yeye akabaki na koti, mimi nikaondoka na kofia pana kama ungo. Nilijiona mjanja mpaka Makambako. Kuanzia Makambako baridi ilinipiga, nikaanza kuelewa kwamba kofia, hata iwe pana kiasi gani, haifiki kifuani.

Dereva alinishusha Mafinga. Viazi vilikuwa vinakwenda Iringa mjini, lakini njiani nilikuwa nimemuuliza mambo mengi kuhusu breki, ndoa yake, na kwa nini magunia yote yameshonwa mdomo yakiwa yamefura kupita kipimo. "Hapa ndipo mwisho wa safari," akasema. Nikamwambia mbona viazi bado vipo? "Mwisho wa safari yako."

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Watu walipita wamevaa masweta mawili mawili, na juu ya masweta wamejitanda blanketi. Nyumba za wageni zilitazama kofia yangu, zikasema zimejaa. Sikuwa na tamaa kubwa tena duniani. Nilitaka chumba chenye joto kabla giza halijaingia, basi.

Ndipo nikaona kibao kwenye geti moja, kimeandikwa kwa mkaa: ANATAFUTWA MPANGAJI MWENYE NIDHAMU. WALEVI WASIJISUMBUE.

Sikuwa nimelewa. Nikabisha hodi.

Alifungua mzee mrefu, mstaafu, aliyevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake alisimama mkewe, mama mnene kidogo mwenye kanga mbili na koti la kiume.

"Kamwene," nikasema, maana salamu ya Kihehe hufungua milango mingi kuliko ufunguo.

"Kamwene, mnyalukolo," akaitikia, akiniita ndugu kwa Kihehe. "Umekuja kwa ajili ya kibao?"

"Ndiyo, baba. Nimekuja kupanga."

Mzee akanipima. "Umeshawahi kupanga?"

"Nimepanga Mbeya, nimepanga Tunduma, nimepanga na Chunya."

"Chunya nako wanapanga?" akamgeukia mkewe. "Nilidhani kule joto." Kisha kwangu: "Ulikuwa unachukua muda gani?"

"Inategemea, baba. Pengine mwezi. Pengine wiki moja tu."

"Wiki nzima!" Mama akashika kiuno. "Huyu ni mzito huyu. Mvua itatukuta."

"Na hakuna ulikopanga pakaanguka?" mzee akaendelea.

Swali lilinishangaza, lakini nimezoea wenye nyumba wenye maswali ya ajabu. "Tunduma ukuta mmoja ulianguka," nikasema kwa unyofu. "Lakini mimi nilikuwa nimeshatoka."

"Wote husema hivyo," mama akasema.

Mzee akaonekana kuridhika na ukweli wangu. Akanipitisha pembeni ya nyumba mpaka uani, akanyoosha mkono kama mtu anayefungua maonyesho. Mbele yangu palikuwa na mlima wa kuni zilizochanjwa, za mlingoti, yaani mkaratusi, zimemwagwa ovyo na lori. Nusu ya mlima ilikuwa uani. Nusu nyingine ilikuwa imeingia kwenye chumba cha uani, na mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa sababu haungeweza kufungwa.

"Basi hizi hapa," akasema. "Panga."

Nilitazama kuni. Nikamtazama mzee. "Baba, mimi natafuta chumba."

"Chumba cha nini?"

"Kibao kimesema mpangaji."

"Ndiyo. Anayelima ni nani?"

"Mkulima."

"Anayeimba?"

"Mwimbaji."

"Anayepanga kuni?"

Huenda jibu lilikuwa darasa la saba.

"Ee!" mama akapiga kofi. "Ndiyo maana yule mwalimu aliyekuja asubuhi aliuliza kama kila mtu ana luku yake ya umeme! Nikajiuliza, kuni na luku wapi na wapi?"

"Na yule dada wa juzi," mzee akasema, "alitaka kujua kama choo ni cha ndani. Mimi nikadhani anaumwa tumbo."

Tulicheka, wao kwa kutulia, mimi kwa kutetemeka. Mama akaona. Akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha chai ya tangawizi. "Panga kwanza, mwanangu. Ya kulala tutaongea."

Hapo ikabidi nijifunze kazi niliyokuwa nimeshajisifia. Ukiutazama mtaa ule utajua kuwa si kazi ya mchezo. Kila nyumba ina ukuta wa kuni mbele ya baraza, zimekatwa sawa na kupangwa sawa, kama vitabu kwenye kabati la mtu asiyesoma. Na kama vitabu hivyo, haziguswi. Za kuotea moto ni mabanzi, zile pembe za magogo zinazotupwa na viwanda vya mbao, nayo hufichwa nyuma ya nyumba. Kuni za mbele ni za wapita njia, wajue kwamba humu baridi imeogopwa kwa heshima zote.

Mzee alitaka zake ziende mbele, zipite kimo cha zile za jirani. Mama alizitaka nyuma, karibu na jiko.

"Mbele atazitazama nani? Baridi?"

"Mama, mtu anapimwa kwa anachoweka."

"Basi na lile litungi lako lipime."

Litungi lilikuwa la gesi. Nililiona kupitia dirishani: limekaa sebuleni juu ya stuli, limevalishwa kitambaa cha kufuma. Mzee alikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa ya kuhamasisha watu waache kuni. Alikuwa amehudhuria semina, akapewa mtungi, na tangu siku hiyo hakuna kiberiti kilichousogelea.

"Gesi inapika tu," akanieleza bila aibu. "Utaota moto wa gesi wewe? Utanyoosha mikono kwenye sufuria?"

"Na kamati ikija ikaona kuni mbele ya nyumba?"

"Nitawaambia ni ukumbusho wa tulikotoka."

Mbele ikashinda. Mstari wangu wa kwanza ulifika kiunoni, ukafikiri kidogo, ukalala chini wote. Mama akaja akicheka. "Tunduma hiyo!" Akanionyesha. Chini unatandika mabanzi ili kuni zisinywe maji ya udongo. Kwenye ncha mbili unajenga mnara: kuni mbili hivi, mbili vile, zikikatizana mpaka juu, na minara hiyo ndiyo inayoshika zile zinazolala katikati. Ganda linatazama mbinguni ili manyunyu yateleze. Na usizibane. "Kuni kama watu wa jumuiya," akasema. "Ukiwabana sana wanasukumana, mmoja akitoka wote wanaanguka."

Nilibeba, nikapanga, nikabomoa, nikapanga tena. Jasho lilirudi, nikasahau koti. Nilipomaliza kutoa kuni za mwisho kwenye kile chumba cha uani, nikagundua jambo ambalo mzee pia aliligundua, maana alisimama mlangoni akikuna kidevu. Ndani palikuwa na sakafu, dirisha dogo, na ukuta uliopakana na jiko.

"Hiki si chumba hiki?" nikauliza, kwa udadisi tu.

"Ni stoo."

"Stoo ya nini, wakati kuni zipo mbele?" mama akasema. "Mtoto wa watu amekupangia, unataka akalale stendi na lile ungo lake kichwani?"

Mzee akatembea mpaka mbele ya baraza. Akautazama ukuta wangu kutoka upande huu, kisha upande ule. Ulikuwa umepinda kidogo katikati, kama mtu aliyeshiba.

"Sawa," akasema hatimaye. "Alale. Lakini zikianguka kabla ya asubuhi, mnyalukolo, na wewe umeanguka nazo."

Nilipewa godoro, blanketi mbili na onyo la kutoingiza jiko la mkaa ndani. Nikafagia vipande vya maganda, nikatandika kando ya ukuta wa jikoni. Ulikuwa baridi kama kaburi. Upande wa pili niliwasikia mzee na mkewe.

"Moto unakufa. Nenda kalete mabanzi."

"Mabanzi ameyatandika yote chini ya kuni zako."

"Basi tulale."

"Nilale na baridi, kuni ziko nje zinatazamwa na nani, fisi?"

Kandambili za mama zikapita nje ya dirisha langu, zikaelekea mbele ya baraza. Nilikaa kitako, blanketi mdomoni. Nikasikia ukuni ukivutwa, mkavu, ukikwaruza wenzake. Ukavutwa wa pili. Nikasubiri. Hakuna kilichoanguka. Kandambili zikarudi, moto ukapulizwa mpaka ukalia, na baada ya muda ukuta nilioegemea ukaanza kupata joto, kwanza mgongoni, kisha mabegani.