Gari Lililopaki Nyuma Yangu

Maegesho ya supamaketi yetu hapa Tukuyu yanatosha magari manane, ila hayo manane yapakiwe na watu wenye akili timamu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kwa kawaida yanaingia matano. La kwanza linakaa mshazari, la pili linafuata mshazari wa la kwanza, na nafasi inayobaki inachukuliwa na bajaji, matenga ya parachichi na mama mmoja anayeuza karanga. Ukishapaki, ujue umejifunga mwenyewe. Atakuja mtu asimame nyuma yako, awashe hazadi, ashuke aende zake. Taa zikishaanza kupepesa, yeye anajiona ameomba radhi. Ukimdaka mlangoni anakwambia, "Nakuja sasa hivi, dada," na hapo ndipo unapoanza kuzeeka.

Nimegombana sana pale. Nimewahi kumfuata mtu mpaka kwenye rafu za sabuni nikamtoa na kikapu chake. Mume wangu husema walinzi wote wa mjini wanaujua mdomo wangu, na hakosei. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kunyamaza. Kuna siku moja tu nilinyamaza.

Mama yangu alikuwa Kisondela, nyumbani kwake, baada ya daktari kutuambia tukamtunzie huko. Tulielewa maana yake. Mdogo wangu wa kiume alihamia kwake, na mimi, kwa kuwa nafundisha hapa mjini, nilikuwa nakwenda jioni na mwisho wa wiki. Jumamosi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua yetu isiyo na haraka. Nikasimama supamaketi kununua pampasi za watu wazima na juisi ya zabibu, kwa sababu juisi ile ndiyo kitu pekee alichokuwa bado anakubali kumeza.

Nikiwa kwenye foleni, simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu.

"Dada, njoo. Anakuuliza."

"Niko njiani," nikamwambia.

"Usiseme uko njiani. Njoo."

Nililipa, nikatoka mbio, na nje nikakuta pikapu nyeupe imelala nyuma ya gari langu, hazadi zinapepesa. Mbele yangu ukuta, kushoto bajaji, kulia matenga. Nikajitupia kanga kichwani, nikaifuata ile pikapu kwa nyuma, mifuko mkononi na maneno tayari mdomoni. Nilipofika usawa wa gurudumu la nyuma, nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Ndani yake niliona kofia ya sufu ya kahawia na uso chini yake. Alikuwa baba mkwe wangu, ameketi peke yake upande wa abiria.

Kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mume wake. Hamsalimii, hamtazami usoni, hapiti mbele yake, hali naye. Wakikutana njiani mke anakwepa, na pasipo na pa kukwepea anageuka, anainama, mpaka mzee apite. Huo si ugomvi, ni heshima, tena kubwa. Siku hizi wengi wameiacha, na wapo wanaokula meza moja na wakwe zao. Nyumba niliyoolewa mimi bado wanaishika, na miaka yote kumi na minane nilijivunia kuishika pamoja nao. Sauti ya baba mkwe naijua kwa kuisikia ukutani. Akiwa na neno na mimi, mama mkwe ndiye hulileta, na jibu langu hulirudisha yeye.

Nikageuka, nikavuta kanga usoni, nikajificha nyuma ya nguzo ya baraza. Nilipochungulia niliona mkono umetoka dirishani, ukakisukuma kile kioo mpaka kikatazama juu mvuani. Nilidhani anakiweka sawa.

Nikampungia mkono mlinzi, mtu mzima mwenye koti la mvua na filimbi shingoni. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, nenda pale kwenye pikapu, sema kuna mtu anataka kutoka."

Mlinzi akanishangaa. Alizoea kunisikia toka upande wa pili wa barabara. Akaenda, akainama dirishani, akarudi.

"Mzee anasema dereva anakuja sasa hivi."

"Dereva yuko wapi?"

"Ameingia ndani, au kwa fundi simu. Hana hakika."

Akaingia kumtafuta. Nilibaki pale na mifuko yangu. Ningeweza kumwambia mlinzi kwamba mama yangu anakufa. Lakini kulisema neno hilo mbele ya mtu baki, kwenye mvua, kati ya matenga ya parachichi, niliona ni kama kulikubali. Tena sikuona kama ni adabu kumtupia mkwe ujumbe mzito namna hiyo kwa mdomo wa mlinzi.

Nikampigia mume wangu, aliyekuwa kazini Mbeya. Akasema, "Ngoja nimpigie mzee." Baada ya dakika chache akanipigia tena. Simu ya baba yake ilikuwa mezani nyumbani, na aliyepokea ni mama mkwe. "Nenda tu ukamwambie," mume wangu akasema. "Ataelewa." Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Mbeya, na yule mtu ukiwa unamwita baba.

Ng'ambo ya barabara bodaboda walikuwa wamejikinga chini ya bati. Nikavuka, nikawaomba. Mmoja akatazama mbingu, akasema, "Kisondela kwa utelezi huu, mama? Subiri ikatike." Wenzake hawakuinua hata macho. Nikarudi kwenye nguzo yangu. Mlinzi alikuwa ametoka, akasema ndani hayupo, anakwenda kwa mafundi simu.

Kutoka kwenye nguzo hadi dirisha la baba mkwe zilikuwa hatua kumi. Nilizihesabu kwa macho, nikazihesabu tena. Nilijiambia, nenda, funika uso, sema tu "mama yangu," urudi. Sikwenda. Aliyenifundisha haya yote ni mama mwenyewe. Wiki ile ya harusi alinikalisha jikoni akanionyesha jinsi ya kuinama na jinsi ya kuishika kanga. Akasema, "Mkwe wako usije ukamwaibisha hata siku moja, maana aibu hiyo itanifikia mimi." Sasa alikuwa amelala Kisondela akiniuliza, na mimi nimesimama mjini nikimtii.

Simu ikaita tena. Sikuipokea. Niliogopa nitakachoambiwa.

Dereva alitokea baada ya dakika arobaini, simu mkononi, anajaribu kioo kipya kwa kidole. Mlinzi alikuwa nyuma yake akimsukuma kwa maneno. Dereva akasema, "Pole, dada, nilisema nakuja sasa hivi." Niliinamisha kichwa mpaka pikapu ikasogea, kisha nikaingia kwenye gari langu nikalia kwa sauti huku natafuta pa kuingiza ufunguo.

Njiani nikakutana na lori la majani ya chai, limejaa, linapanda polepole, na kona zile haziruhusu kulipita. Nilipiga honi kama mwendawazimu. Dereva wa lori akatoa mkono akanionyesha kwamba nitulie. Nilipoingia barabara ya udongo, gari likawa linakwenda upande. Nikaliacha kwenye migomba ya watu, nikakimbia kwa miguu.

Uani wanaume walikuwa wamesimama, kofia mikononi. Mdogo wangu akaja kunipokea, akautoa mfuko wa juisi mkononi mwangu.

"Amekuuliza mpaka mwisho," akasema. "Sasa hivi tu, dada. Bado ana joto."

Alikuwa bado ana joto, kweli. Nilimshika mikono mpaka ikapoa, na wakaja wanawake wakanitoa.

Baba mkwe alikuja msibani, akakaa na wanaume upande wa barabarani. Wanawake walinizingira kila nilipotaka kupita, nisimwone wala asinione. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Siku ya tatu ya msiba, kesho yake baada ya kuzika, mama mkwe alinifuata jikoni. Akakaa kwenye kigoda karibu yangu.

"Mkamwana, mzee amenituma. Anasema siku ile alikuona kwenye kioo. Akakigeuza ili usipate taabu, upite kwa amani. Mlinzi alipokuja alisema kuna mtu anataka kutoka, yeye akajua ni safari zako za kawaida tu. Akaona asubiri dereva, asikusumbue kwa kushuka."

Nikashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mama." Nilidhani amemaliza.

"Anasema pia ufunguo ulikuwa humohumo kwenye pikapu. Dereva aliuacha." Akatazama moto. "Ungemwita tu, angeisogeza mwenyewe."

Baba mkwe alifanya kazi ya udereva wa malori ya chai mpaka akastaafu. Watoto walimkataza kushika usukani macho yalipopungua, lakini kusogeza pikapu mita tatu asingeshindwa. Hilo nilikuwa nalijua. Siku ile nzima, nyuma ya ile nguzo, halikunijia kichwani, kwa sababu halikunijia kabisa kwamba mtu yule anaweza kuombwa kitu.

Mama mkwe alikuwa anasubiri jibu la kupeleka. Ndiyo desturi, hawezi kurudi mikono mitupu. Nilitafuta jibu la adabu, maana mama yangu alikuwa ndani ya udongo siku moja tu.

"Mwambie nashukuru kwa kugeuza kioo," nikasema.

Akainuka, akakung'uta majivu kwenye kitenge, akaenda kumwambia.