Kompyuta Iliyolia Chumbani kwa Marehemu

Mimi ni fundi wa kompyuta, na fundi wa kompyuta haamini majini. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wateja wangu pale Makutano, mjini Meru, wakiniletea mashine na kusema ati imerogwa. "Imerogwa na vumbi," nawaambia, kisha natoa brashi yangu na tunacheka. Siku hizi sicheki sana. Nitawaeleza kwa nini, ingawa kusimulia jambo hili kunaniudhi, maana mwizi ndani yake ni mimi mwenyewe.

Kaka yangu mkubwa alikufa, akaniacha mimi dada yake, wakati wa mvua ndefu. Alikuwa mwalimu, akiishi nyumbani kwetu karibu na Manyatta, upande wa Embu, yeye na mke wake, boma moja na mama yetu. Tumbo lilimuuma siku nne, ya tano akatutoka. Wifi yangu alikuwa ameolewa kutoka ng'ambo ya mto Thuchi, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Watu wa kwetu hawakumwambia lolote usoni. Walisemea jikoni, huku wakimenya viazi, kwamba uji wa mwisho aliokunywa marehemu ulipikwa na nani kama si yeye.

Sasa, kwetu kuna mwiko. Vitu vya aliyekufa haviguswi mpaka ndugu za baba waketi wavigawe. Viatu hubaki pale alipovivulia, koti hubaki kwenye msumari, na redio kama ilikuwa imechomekwa kwenye stima hubaki imechomekwa vivyo hivyo. Mama yangu ni mtu wa kanisa, hakosi ibada hata mvua ikinyesha vipi, lakini kwa jambo hilo humwambii kitu. Siku ya kugawa ikawekwa, mwezi mmoja baada ya mazishi.

Nami nilikuwa na shida yangu. Kompyuta niliyofanyia kazi dukani ilikuwa nzito ajabu. Ukiiambia ifungue kadi ya harusi yenye picha, ungeweza kwenda sokoni Gakoromone ukanunua ndizi, ukabishana bei, ukarudi ukute bado inafikiria. Ilihitaji memori zaidi. Na kompyuta ya kaka yangu ilikuwa na vipande viwili vya memori, vibamba vyembamba vya urefu wa kidole, kila kimoja katika nafasi yake. Nilijua kwa sababu cha pili nilikitia mimi kwa mkono wangu.

Basi siku ya mazishi, adhuhuri, watu wakipakuliwa mukimo nje, niliingia chumbani kwake. Nikachomoa waya, nikafungua sanduku la kompyuta kwa bisibisi ya kwenye mkoba, nikang'oa kibamba kimoja. Kilikuwa kimekaza, nikakivuta kwa nguvu. Nikafunga, nikachomeka waya kama nilivyoukuta; stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Nilijiambia kwamba angekuwa hai angenipa, na kweli angenipa, kaka yangu hakuwa mchoyo. Lakini hakuwa hai, na sikuwa nimemwomba mtu.

Nilirudi Meru nikakitia kile kibamba kwenye mashine yangu. Nikabonyeza swichi. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, skrini ikabaki nyeusi ti! Nikazima, nikakitoa, nikayasugua yale meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia penseli, maana uchafu kidogo tu huzuia. Nikarudisha. Nyeusi. Nikakihamishia nafasi ya pili, nikakijaribu peke yake, nikachomoa waya wa stima na kubonyeza swichi nikihesabu mpaka thelathini ili umeme uliobaki uishe. Wapi! Nilipoinama kuangalia skrini kwa karibu niliuona uso wangu humo, na nyuma ya bega langu giza la duka, na nikajikuta nasema kwa sauti, "Kaka, wacha mchezo." Nikashtuka kwa kusema hivyo. Duka lilikuwa tupu na mlango nilikuwa nimeuegesha.

Nilipokitoa na kubakiza memori yangu ya zamani, mashine ikawaka mara moja. Hilo si ajabu, memori nyingine hazipatani na mashine nyingine, fundi yeyote atakwambia. Nikakifunga kibamba kwenye kipande cha gazeti, nikakitia mkobani nikisema nitakirudisha kabla ya siku ya kugawa. Hakuna atakayejua.

Wiki haikuisha wifi akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kana kwamba kuna mtu aliyelala karibu.

"Wifi, kompyuta ya kaka yako inalia."

"Inalia vipi?"

"Stima ikipotea ikirudi, inajiwasha yenyewe. Inalia piii, inanyamaza kidogo, inalia tena. Haikomi mpaka stima ipotee tena. Na hakuna aliyeigusa. Mama anasema ni yeye anaita."

Nilikaa chini. Kujiwasha nilikujua, kwa sababu swichi ya mashine ile ilikuwa mbovu na mimi ndiye niliyeipanga iwake stima inaporudi. Mlio nao niliujua. Ule ni mlio wa kompyuta isiyoona memori yoyote. Lakini nilikuwa nimeiachia kibamba kimoja! Nikafikiri: labda nilipokuwa nikivuta cha kwanza kwa pupa nilikilegeza na cha pili, kikainuka upande. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikajifanya hamnazo.

"Si mchomoe tu huo waya," nikamwambia.

"Nani auchomoe? Mimi? Wifi, hao wanangojea tu kuniona nimegusa kitu chake."

Mvua za msimu ule mnazijua, stima ilipotea na kurudi mara tatu, mara nne kwa siku. Kila ikirudi, chumba kile kilichofungwa kikalia. Kililia alfajiri mama akikamua ng'ombe. Kililia saa tisa mchana kwenye ukungu, majirani wakichuma majani chai wakasimama na vikapu mgongoni wakisikiliza. Wifi alinisimulia kwamba mama alikuwa amechukua kigoda akaketi mlangoni pa kile chumba, na mashine ikilia yeye huitikia, "Niko hapa, mwanangu. Sema." Inanyamaza kidogo, kama ilivyo desturi ya mlio ule, na mama huinamisha kichwa kama anayesikia jibu. Nilipoambiwa hivyo nilifunga duka mapema nikaenda kulala, na usingizi haukuja.

Kisha baba mdogo, mdogo wake baba yetu, akatoa uamuzi wake. Mtu aliyekufa vizuri halii, akasema. Huyu analia kwa sababu aliyemmaliza bado analala nyumbani mwake. Siku ya kugawa, wifi angerudishwa kwao.

"Watagawa koti, watagawa viatu, na mimi watanigawa," akaniambia kwenye simu. Hakuwa analia. Nilitamani alie, ningejua la kumwambia.

Nikakata shauri kusema. Siku za mwizi ni arobaini, na zangu ziliishia thelathini. Nilifika nyumbani asubuhi ya siku ile na kibamba kikiwa mkobani. Wazee walikuwa wamekwisha kaa chumbani kwa kaka, mama kwenye kigoda chake, wifi amesimama karibu na mlango na mfuko wake umefungwa tayari. Stima haikuwepo. Koti lilikuwa msumarini, na mabega yake yalikuwa bado yamejaa umbo la kaka. Kabla sijafungua kinywa taa ya dari ikawaka, na pale chini ya meza, feni ikaanza kuvuma.

Piii.

Mlio ule naufahamu, nausikia dukani nikinywa chai. Lakini mle ndani nywele zilinisimama. Piii. Mama akasema kwa upole, "Naam, baba."

"Si yeye!" nikapiga kelele. "Ni mimi!"

Nikawaambia yote, mukimo, bisibisi, waya, kila kitu. Nikatoa kibamba kutoka kwenye gazeti nikakiinua wakione. Baba mdogo alinitazama, kisha akamtazama wifi, kisha mimi tena.

"Nyinyi ni marafiki sana," akasema.

"Nitawaonyesha!" Nikauchomoa waya, mlio ukakatika, mama akashika kifua. Nikafungua sanduku mbele yao. Nikawaonyesha nafasi tupu kwa kidole, nikawaonyesha kibamba kilichobaki jinsi kilivyolegea, nikakigusa, hiki hapa, mnaona? Walikuwa wakichungulia kama watu wanaochungulia kaburi. "Ililia kwa sababu imekosa hiki nilichoiba. Sasa naiwasha vilevile, bila hicho, na mtaisikia ikilia."

Nikachomeka waya.

Feni ikazunguka. Tukangoja. Haikulia. Skrini iliyokuwa nyeusi mwezi mzima ikang'aa taratibu, ikawa ya buluu, na katikati yake likatokea jina la kaka yangu, kamili, jinsi lilivyoandikwa kwenye msalaba wa kaburi lake. Ni ukurasa wa kuingilia tu, kila kompyuta hufanya hivyo. Mama akapiga magoti.

"Amenyamaza," akasema.

"Ni kidole changu!" nikasema. "Nimekigusa hiki kilicholegea, kikaingia mahali pake! Wallahi, mami, ni kidole changu!" Mimi Mkristo naapa kwa Kiislamu, nilivyochanganyikiwa.

Baba mdogo hakupandisha hata sauti. "Ulisema inalia kwa sababu ya hicho ulicho nacho mkononi. Bado unacho mkononi. Mbona hailii?"

Jamani, ningejibu nini? Jibu lilikuwepo, nyie mmelisikia. Lakini lilikuwa jibu la fundi, na chumba kile kilikuwa kimejaa waombolezaji. Lilibaki jambo moja la kufanya: kukitoa na kile cha pili. Bila memori hata moja mashine ile lazima ilie, haina njia nyingine. Nikanyoosha mkono.

"Wewe!" Mama hajawahi kuniita hivyo. "Mwanangu amenyamaza. Ni nani amekutuma umwamshe?"

Watu husema nilimheshimu mama. Si kweli. Ningeweza kumpita, bisibisi ilikuwa mkononi. Nilisimamisha mkono kwa sababu jina lile lilikuwa likinitazama, na likanijia wazo ambalo fundi hapaswi kuwa nalo: je, nikikitoa nacho, na isilie? Je, ibaki imewaka vilevile, na jina lake, bila kitu ndani? Niliogopa. Nasema kwa roho safi kabisa kwamba ninajua kompyuta, na niliogopa. Mkono ukarudi kwenye paja langu, na wazee wakauona ukirudi.

Waligawa vitu kabla ya chakula cha mchana. Wifi hakungoja kufukuzwa, alichukua mfuko wake akamuaga mama, na mama akampa mkono bila kumtazama. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Mvua ilikuwa imekwisha na mashamba ya chai yalikuwa yakitoa mvuke. Nilikuwa nalia, nikimrudia maneno yaleyale, ni mimi, wifi, haki ya Mungu ni mimi, niliiba, niliilegeza kwa mikono yangu.

Alinifuta machozi kwa ncha ya leso yake.

"Mungu akubariki kwa kunidanganyia," akasema. "Hakuna mwingine aliyejaribu." Kisha akageuka kutazama nyumba yake, akashusha sauti. "Lakini wewe ulimjua tangu utotoni, wifi. Niambie ukweli. Nilimkosea wapi?"