Mahari ya Msichana wa Kitabuni

Juzi kwenye duka la fotokopi mtaani Bulla Pesa, mwalimu mmoja alikuja kuchukua nakala zaidi za riwaya yake ya mapenzi ya enzi za ukoloni, anayoichapisha mwenyewe. Mzee mmoja akalaza fimbo juu ya kaunta.

"Mwalimu, msichana wetu wa Sericho umemuoza kwa ngamia wawili tu?"

"Mzee, huyo nimemtunga."

"Basi tunga ngamia wengine."

"Kitabu umekisoma?"

"Mimi sisomi mambo ya mapenzi. Nimeambiwa."

Foleni nzima ikamuunga mkono, na mwenye duka akadai ngamia dume naye aongezwe.

Mahari ilipanda vizuri. Hakuna aliyeuliza kama msichana alimpenda kijana aliyemuoa, ilhali mwalimu aliandika kurasa zote zile kuuliza hilo tu.