Miti ya Kahawa Tuliyotaka Kuificha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bado mke mgeni hapa Adungosi. Mume wangu Okisai alianza kunoa panga kabla hata ya kunywa chai. Watafiti wa kahawa walikuwa wanakuja kukagua mashamba, na kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kimetuumbua. Miti mingine ilikuwa imebeba matunda vizuri, mingine imepukutisha majani na kukauka matawi. Okisai aliona aibu. Alitaka kuikata hiyo mibaya ili wageni wakute shamba la kupendeza.

Mama yake, Amoding, mjane asiyependa maneno mengi, alimkuta amekwisha kuangusha mmoja. Akaenda kusimama mbele ya wa pili.

"Weka hiyo panga chini."

"Mama, watasema sisi ni wavivu."

"Waseme. Ukienda hospitali, unaficha kidonda? Onyesha yote, yenye inazaa na yenye inakauka."

Okisai alinuna, nami moyoni nilikuwa upande wake, maana aibu ya mume humfika mke pia. Lakini katika boma lile neno la mama halikurukwa. Wageni walionyeshwa yote, wakaomba tuiache mibaya kwa mizuri. Wakawa wanarudi kila msimu kupima mavuno ya kila mti. Wengi wetu tuliona wanapoteza wakati.

Kahawa si mahindi, mwanangu. Unapanda, unangoja miaka ndipo izae, kisha unangoja misimu mingine ujue kama uzao ule ni wa kweli au ni bahati tu. Mtu anayetafuta mbegu bora kwa njia hiyo huzeeka kabla hajapata ya kujivunia.

Mama Amoding alikuwa ameshazikwa walipokuja na jambo jipya. Mtafiti mmoja, binti aitwaye Nekesa, alichuma majani ya miti ile tuliyoiacha, yakaenda maabara kusomwa vinasaba, yaani ule urithi ambao mti huupata kwa wazazi wake. Kompyuta ikalinganisha urithi wa miti iliyovumilia jua na wa ile iliyokauka. Tangu hapo wakawa wanachuma jani la mche mchanga na kukadiria utakuwa mti wa namna gani, kabla haujatoa hata ua. Iliyo bora huzalishwa mapema, bila kungoja miaka yote ile.

Siku Nekesa alipokiletea kikundi chetu cha wakulima miche ya kujaribu, alitenga mingine pembeni. Okisai akaokota mmoja wa iliyotengwa, mrefu, majani yakimeta.

"Dada, mche mzuri namna hii mnautupa aje?"

"Mzee, kwa kiangazi, huu utasumbua. Lakini ni makadirio, si unabii. Ukitaka, uchukue, uupande kando ya ile mingine, tuone."

Akaipanda yote iliyotengwa, akaipalilia kwa wivu. Kiangazi kikali kilipokuja, mingi kati yake ilipukutika. Mmoja ulisimama imara. Na katika ile iliyochaguliwa, mingi ilistahimili ila michache ilikufa. Nekesa alipofika, Okisai alimshika mkono akamtembeza kote: miche iliyoonyesha kwamba yeye alikosea, na ile iliyoonyesha kwamba binti alikosea.

"Hata hii itatufundisha, mzee," Nekesa akasema, akachutama kuutazama ule mmoja uliokataa kufa.

Nakwambia haya kwa kuwa wewe unataka miche leo na mavuno kesho. Sikukatazi. Haraka ya namna hii ina baraka yake, mradi ujue imesimama juu ya subira ya waliopima kabla yako. Kompyuta hufundishwa na mashamba, na shamba likisema uongo, nayo hujifunza uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi watafiti watakapokuja kuuliza, waonyeshe na iliyokufa. Usipende mche kwa urefu wake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wala usijaze shamba aina moja kwa sababu imesifiwa, maana dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe majirani wa kweli, na umri wa kuchuma ulichopanda kwa mikono yako.