Jaja Alipocheza Mdako Darasani

Shule ya binti yangu, hapa Old Kampala, ilipiga marufuku keki, peremende na soda kwenye siku za kuzaliwa. Badala yake, mtoto anamwalika mtu mmoja wa nyumbani aje acheze na darasa. Nilijua atanichagua mimi. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini.

"Namtaka jaja," akasema.

Jaja yake ni mama yangu, mjane wa askari polisi. Alitulea kambini kule Nakawa, watoto sita chumba kimoja, na sikumbuki hata siku moja aliyokaa chini akacheza nasi. Siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa siku ya kufua kama nyingine. Nilimwambia binti yangu kwamba jaja si mtu wa michezo. Hakunisikiliza.

Basi nikaenda kama mbeba mizigo, na bakuli la tikiti maji lililokatwa. Mama alivua viatu mlangoni, akakaza lesu lake, akaketi sakafuni katikati ya watoto. Akafungua kitambaa chenye vijiwe. Akarusha kimoja juu, akazoa vitatu, akakidaka bila hata kukitazama. Darasa zima likapiga kelele. Halafu akaimba. Mama yangu, kuimba! Ulikuwa wimbo wa kuhesabia, wa kwao kaskazini, na binti yangu akauitikia neno kwa neno. Kumbe walikuwa wakifanya mazoezi mimi nikiwa kazini.

Nilisimama mlangoni na tikiti langu. Nilikuwa namwonea wivu mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Tulipokuwa tukiteremka kilima kurudi nyumbani, nikashindwa kunyamaza. "Mama, mbona mimi hukunifundisha mdako?"

"Saa ngapi?" akasema. "Baba yenu yuko lindo, mimi nafua nguo za watu. Ningekaa chini, nani angewalisha?"

"Leo umekaa."

"Leo nani ananingoja?"

Hata hivyo, wivu haukunitoka. Jioni, maharage yakiwa jikoni, niliketi barazani mbele yake nikanyoosha mkono. Alinitazama kidogo, kisha akanimwagia vijiwe. Nikakosa cha kwanza, nikakosa na cha pili. Akanichapa kofi dogo mkononi.

"Mkono mzito huo! Macho juu!"

Binti yangu akaja mbio, akitaka kucheza. Nikamwambia angoje zamu yake.