Winga wa Akiba Mwenye Ofu ya Ijumaa

Winga wetu aliumia msuli wa paja akishuka ngazi za hoteli na trei ya vikombe, kwa hiyo hatukupata hata mpinzani wa kumlaumu. Karibu mabao yetu yote alifunga yeye. Nyuma yake, kwenye benchi, palikuwa na winga mmoja tu wa akiba, na huyo nilikuwa mimi: mtu wa miaka arobaini na saba mwenye shahada ya falsafa, kitambi, na goti linalolia kama mlango wa stoo.

Mpaka siku ile uakiba ulikuwa cheo kizuri. Nilihesabu waliofika, nikabeba maji, nikashika simu za waliokuwa wakicheza, nikatoa ushauri ambao hakuna aliyeufuata. Sikuwahi kufikiri kwamba akiba ni kitu ambacho siku moja hutumika.

Timu yetu ni ya watu saba uwanjani: walinzi, madereva, wapishi, na mimi wa ofisini. Hapa kwa Waarabu Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko: Wakristo hutoka kanisani Mesaimeer, Waislamu hutoka msikitini, na baada ya alasiri tunakutana kwenye kiwanja cha vumbi Abu Hamour, kwenye ligi ndogo ya timu za Waafrika Mashariki. Timu inayoshika mkia hutolewa, na zamu yake ya kiwanja hupewa timu nyingine inayosubiri. Ukitolewa huna pa kucheza mpaka kiangazi kipite, na kiangazi cha hapa hakipiti upesi. Watu huhamishwa kambi za wafanyakazi, mikataba huisha, na timu iliyoachana Mei haikutani tena Oktoba. Hilo kila mtu alilijua.

Mimi lilinitia kiwewe kuliko wengine, na niseme kwa nini. Kazi yangu ni kuandika barua za kuomba radhi kwa niaba ya kampuni ya usafi. Zulia likiharibika, naomba radhi. Kioo kikivunjika, naomba radhi kwa maneno tofauti. Chumbani kwetu Al Mansoura naishi na Wahindi watatu wa Kerala, watu wema sana, tunaosalimiana kwa kutabasamu na kupishana mlango wa bafu. Nyumbani Tanga wanangu hunijibu "poa baba" kwenye simu, kisha humpa mama yao. Katika juma zima, Kiswahili cha kuelekezwa kwangu mimi, kwa sauti na kwa hasira ya mtu anayenijua, nilikipata Ijumaa tu, pale mtu alipopaza sauti: "Profesa, rudi nyuma wewe! Umesimama kama bango!" Nilikuwa nikiishi kwa kelele hiyo.

Ijumaa ya kwanza bila winga wetu, nilipigiwa pasi nzuri pembeni. Nikakimbia. Mpira ulifika kwanza, likafuata vumbi, halafu nikafika mimi. Tukafungwa. Ijumaa iliyofuata tukafungwa tena, na kipa wetu, mpishi kutoka Unguja, akanijia akivua glavu.

"Mzee wangu, wallahi nakuheshimu. Lakini ama ukimbie ama uombe lifti. Chagua moja."

Nikaanza mazoezi alfajiri kwenye maegesho ya duka kubwa jirani na kwetu, kabla jua halijakasirika. Nilikimbia kutoka nguzo hadi nguzo nikihema. Mlinzi Mmisri alinitazama asubuhi mbili, ya tatu akaja mbio na redio yake ya mkononi kuuliza kuna mushkila gani, nani ananifukuza. Umri, labda.

Baada ya kipigo cha tatu tukawa mkiani, na zilibaki mechi mbili. Tukaketi kando ya kibanda cha karaki, chai ya maziwa ya huku, kila mtu na kikombe chake cha karatasi. Nahodha wetu, Mkenya, mlinzi wa maduka, akasema:

"Wasee, tuko pabaya. Wale Waganda wako na winga wa akiba, hata hawamtumii. Kijana anakimbia mbaya! Wako tayari kumwachilia. Tumchukue ama tusimchukue?"

Inafaa nieleze desturi. Katika ligi yetu mchezaji hanunuliwi. Ni mtu kwa mtu: ukichukua, unatoa. Na jambo la kwanza linaloulizwa kuhusu mtu yeyote, kabla ya jina lake, kabla ya mguu anaoutumia, ni ofu yake. Ofu ni siku ya mapumziko, na ziko za aina mbili. Ofu ya kudumu ni yako, haiguswi. Ofu ya kuzunguka iko mkononi mwa msimamizi, leo Ijumaa, wiki ijayo Jumanne. Fundi wa mpira mwenye ofu ya kuzunguka ni hadithi tu. Gogo lenye Ijumaa ya kudumu, kama mimi wa ofisini, ni mchezaji.

Kipa akauliza kama ilivyo ada: "Ofu yake lini?"

"Saa hii ni Ijumaa," nahodha akasema.

"Saa hii! Bwana we, nauliza ya kudumu au ya kuzunguka?"

"Hiyo sijauliza vizuri. Lakini umeona vile anakimbia?"

Hapo nikasimama. Nilitaka huyo kijana aje kwa hamu ambayo mwenye njaa hana. Akija yeye, mimi narudi kwenye benchi langu na maji yangu, timu inapona, na Ijumaa yangu inapona. Shahada yote ikanipanda kichwani. Nikasema tunachagua wachezaji kama mtu anayechagua siku ya kufua nguo. Nikasema mpira huchezwa kwa miguu, hauchezwi kwa kalenda, na timu inayotazama ofu kabla ya miguu haistahili kupata miguu. Nilisema mengine pia. Wakapiga makofi. Hata mwenye kibanda, ambaye hajui Kiswahili, alitoa kichwa dirishani.

Nilipokaa, nahodha alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake.

"Prof, umeongea poa sana," akasema. "Sasa shida ni, wao wanataka wewe."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Waganda walikuwa walinzi wote, na karibu wote ofu zao za kuzunguka. Ijumaa moja walifika tisa na wa akiba wakakaa tu, iliyofuata walihangaika kufikisha watu saba, na pungufu ya saba refa hachezeshi, unapoteza mechi. Hawakuwa na haja na miguu yangu. Walitaka mwili mmoja usioguswa na msimamizi.

Nahodha akaomba mikono. Ikainuka mmoja mmoja, polepole, watu wakitazama barabarani. Na kwa kuwa hotuba ilikuwa yangu, na ilikuwa nzuri, nami nikainua wangu.

Jioni hiyo hiyo nilimfuata nahodha nje ya duka la simu Al Mansoura. Nilimwambia nilighafilika. Nilimwambia niache nibebe maji tu, sitaomba kucheza tena maisha yangu yote.

"Prof, maji inaweza kujibeba."

"Basi nishike simu."

"Buda, usinifanyie hivi." Alikuwa amekwishaanza kugeuza uso. "Ni wewe ulisema miguu kwanza. Mimi nilikuwa bado nafikiria."

Nikavaa jezi ya njano, iliyonibana tumboni kama bendeji. Waganda walinipokea vizuri kupita nilivyostahili. Nahodha wao, jitu pole sana, alinishika mkono kwa mikono miwili. "Karibu, ssebo, bwana wangu. Wewe Ijumaa yako ni ya Mungu." Tulikuwa saba, mechi ikachezwa, na sikumbuki kama niligusa mpira. Baadaye walikaa kwenye mkeka kula, wakazungumza Kiswahili dakika chache kwa ajili yangu, kisha Kiganda kikawachukua kama usingizi unavyomchukua mtu. Walicheka, nami nikacheka, nyuma yao kidogo. Upande wa pili wa kiwanja timu yangu ilikuwa ikimbeba winga mpya begani. Alikuwa amefunga mara mbili. Sasa walihitaji ushindi mmoja tu, mechi ya mwisho, wabaki.

Ijumaa ya mwisho mechi yao ilitangulia yetu. Nilifika mapema nikiwa na njano yangu ndani ya mfuko, kwa sababu sikutaka waione. Wakajipanga. Nikawahesabu kwa mazoea, maana kuhesabu kulikuwa kazi yangu zamani. Sita, maana winga wetu aliyeumia alikuwa bado kambini na mkongojo.

Nahodha alikuwa na simu sikioni. Winga mpya alikuwa mlangoni pa duka fulani la vito, amevaa suti na redio. Kulikuwa na shughuli, na msimamizi alimhamishia ofu Jumatatu. Aliambiwa asubuhi. Kipa alikaa chini golini akaanza kung'oa ngozi ya glavu.

Refa akatazama saa. Nahodha akatazama pembeni, akaniona. Hakuniita. Alinitazama tu, kisha akaona aibu kunitazama.

Nikamkimbilia nahodha wa Waganda, na nadhani hiyo ndiyo mbio yangu bora ya msimu mzima.

"Niachie mechi hii moja," nikamwambia. "Nakuomba. Nisimame tu pale wawe saba."

Aliweka mkono begani kwangu. "Ssebo, sheria unaijua. Ukichezea wale leo, kwetu huchezi. Sisi pia leo tuko saba na wewe."

"Nyinyi hamtolewi hata mkipoteza."

"Mtu kwa mtu," akasema, kwa upole, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Wachezaji wangu wameomba ruhusa kwa wasimamizi wiki nzima ili wafike hapa. Niwaambie rudini?"

Mimi, niliyeandika barua mia za kumfanya mteja asahau zulia lake, nilibaki nikikunja upya jezi ya njano ndani ya mfuko. Refa akapuliza filimbi, mara moja, ndefu, na mechi ikaisha bila kuanza. Wenzangu wakavua jezi palepale, bila kelele. Nilisubiri mmoja anitukane. Nilimpita kipa karibu kabisa, makusudi, nikasimama kama bango. Alikuwa akifungua kamba za viatu, akaendelea kufungua.

Nikavaa njano, nikakimbia vibaya kama kawaida.

Lakini hakuna aliyekumbuka kunitoa kwenye kundi la simu. Kila Alhamisi mchana, kwa misimu yote niliyokuwa nao, nahodha aliandika swali lilelile: "Nani yuko ofu kesho?" Na majibu yakaanguka: Niko. Niko. Niko, inshallah. Alhamisi baada ya kutolewa, mchana ukaja, swali halikuja. Nikaacha barua yangu ya radhi katikati ya sentensi. Nilikuwa naitazama simu kama mtu anayetazama mgonjwa. Saa za kazi zikaisha.

Nikaandika mimi: "Nani yuko ofu kesho?"

Nilipanda ngazi Al Mansoura, nikawatabasamia Wahindi wangu, nikakaa kitandani. Jezi ya njano ilikuwa kwenye msumari. Kesho Waganda wangenihitaji kwa mechi ya kirafiki. Kisha simu ikatetemeka. Alikuwa kipa.

"Mimi niko. Lakini kiwanja hatuna, mzee. Twende tukafanye nini?"

Nikaandika kwamba yapo maegesho ya duka, yana nguzo mbili nzuri kabisa, na mlinzi Mmisri ananifahamu.

"Utakaa golini wewe," akajibu. "Mimi nataka kukimbia. Na usisimame kama bango."

Nikainama chini ya kitanda kutafuta viatu.