Mawe Saba ya Isivu

Nilidanganya mara moja tu kuhusu maji, na nusura nimzike mama. Wanaonijua watasema nimedanganya mara nyingi zaidi ya hapo, na sitabishana nao, lakini huo ndio uongo ninaoamka nao.

Mvua ilikuwa imekataa msimu wa tatu mfululizo, na kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi Athi River kikatupunguza. Nyumba ya kupanga nikaiacha, nikamchukua msichana wangu wa miaka mitatu, nikarudi kwa mama, upande ule mkavu wa Machakos. Huko mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa hayajafika magotini. Mama alikuwa na mbuzi wawili, gunia la mahindi lililokaribia kwisha, na kichwa chake. Hicho kichwa ndicho kilicholisha kijiji. Wanawake walikuja asubuhi na majani kwenye leso, wakamwuliza, "Mwaitu, hii tunakula ama tunaacha?" Ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu, na waliokuwa wakimwita hivyo si mimi peke yangu. Alinusa, akavunja bua, akatazama utomvu, akasema. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Akisema kula, watoto wa nyumba kumi walikula.

Mimi mambo hayo yalinichosha, nisiwafiche. Nilikuwa nimekaa mjini miaka tisa nikinunua sukuma wiki imekatwa tayari, imefungwa kwa karatasi. Kurudi nyumbani kufundishwa majani kama mtoto wa chekechea kulinikera, na mimi nikikereka huwa sisikii vizuri.

Porini kilichokuwa kimebaki ni isivu, mti mfupi usiojali jua. Mbegu zake hujaza tumbo kama maharagwe, lakini zina uchungu, na uchungu wenyewe ni sumu. Unazichemsha, unamwaga maji, unatia mengine, unachemsha tena, mara saba. Mama aliweka mawe madogo saba kushoto mwa jiko, na kila maji yalipomwagwa, jiwe moja lilihamia kulia. Maji hayo yalimwagwa shimoni na kufukiwa ili kuku na mbuzi wasiyaguse. Halafu mtu mzima mmoja alikula kiganja kimoja, akangoja. Wengine hawakugusa chakula mpaka kivuli cha nyumba kifike kwenye zizi la mbuzi, hata mtoto alie namna gani.

Siku moja mama alikwenda kuchuma nyingine, akaniachia sufuria. Tulikuwa na mitungi miwili ya maji. Niliileta mwenyewe kwa mgongo kutoka kwenye shimo tulilochimba katika mchanga wa mto, mahali unapopanga foleni tangu alfajiri, unachota kikombe kwa kikombe huku aliye nyuma yako anakuhesabia. Nikamwaga maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne yalikuwa karibu meupe. Nikang'ata mbegu moja, nikaitema, nikaona uchungu ni kidogo tu.

Sisi maji hatumwagi. Ya kuosha vyombo anakunywa mbuzi, ya kuoga yanakwenda kwa mpapai. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na mama huyo huyo. Sasa kumwaga maji shimoni mara saba, na mtoto wangu midomo imepasuka, mkono wangu ulikataa. Nikajiambia wazee wanapenda tu kuhesabu. Nikayamwaga ya nne, nikatia mahindi kidogo yaliyochemshwa tayari na chumvi, nikaepua. Kisha nikahamisha mawe yaliyobaki kwenda kulia, moja baada ya jingine, nikayapanga vizuri.

Mama alirudi, akatua mzigo, akatazama mawe kabla hata ya kunisalimia.

"Zimeisha saba?"

"Zimeisha."

Nilinyoosha mkono nichukue kiganja changu, kwa kuwa niliyepika ni mimi. Akanishika kifundo cha mkono. "Wewe uko na mtoto mdogo. Wacha nionje mimi."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema tu, Mwaitu, nilimwaga nne, angenitukana mpaka jioni na mambo yangekwisha. Lakini kiburi kilinizuia. Alikula kiganja, na kwa sababu hakuwa amekula tangu jana, akaongeza cha pili.

Tukangoja. Kivuli kilikuwa kwenye ngazi ya mlango. Msichana wangu alilia akitaka sufuria, akamvuta bibi yake nguo, "Susu, nipe," na mama akamwambia asubiri jua. Mimi nilitazama midomo ya mama. Kila alipomeza mate nilimeza. Bado nilijidanganya kwamba kila dakika inayopita ni dakika ya kupona. Kivuli kilikuwa hakijafika nusu ya uwanja aliposhika tumbo na kusema jasho lake ni baridi.

Alitapika mara tatu kabla boda boda haijafika. Msichana tukamwacha kwa jirani. Tulipanda mama akiwa katikati, kichwa chake kimeniangukia kifuani, nami nikimshikilia kwa mikono yote miwili asidondoke. Njia nzima nilikuwa naomba kwa sauti, na kijana wa pikipiki akadhani namwambia aongeze mwendo.

Kwenye zahanati muuguzi alimlaza, akamtundikia maji ya dawa, akauliza, "Amekula nini? Nani alipika?"

Nilifungua mdomo. Mama alikuwa amefumba macho, nikafikiri hasikii.

"Ni mimi nilipika," akasema mama. "Nilipoteza hesabu. Ni uzee."

Nami nikanyamaza. Nilisimama pale nimeshika leso yake, nikamwacha abebe mzigo wangu akiwa amelala kitandani. Usiku ule sikuwa na la kuomba ila apone, na alipona. Siku ya pili tukarudi nyumbani polepole.

Lakini habari ilikuwa imetangulia. Kijana wa pikipiki alikuwa nje ya dirisha, alisikia, akasema. Asubuhi iliyofuata mama aliketi nje kwenye kigoda chake akitazama njia. Hakuja mtu. Kesho yake hakuja mtu. Jirani aliyetulindia mtoto, mwanamke mwenye watoto watano, alikuwa amechuma debe zima la isivu kwa neno la mama. Alilimwaga lote kwenye shimo la choo. Niliona moshi jikoni kwake siku hiyo mara moja tu, nao ulikuwa wa kuchemsha chai ya rangi.

"Watu wako na shughuli," mama alisema, ingawa sikuwa nimemwuliza. Siku ya nne aliingiza kigoda ndani.

Hapo ndipo aibu iliponila hasa. Angalau ugonjwa ulikuwa wa mwili. Sasa nilikuwa nimemnyang'anya kitu ambacho alikikusanya maisha yake yote, na hakikuwa chake peke yake, kwa sababu kulikuwa na watoto wanaolala njaa wakati chakula kipo juu ya miti.

Mtoni, kwenye foleni, jirani huyo alikuwa mbele yangu. Akawaambia wenzake, kwa upole wala si kwa ubaya, "Mama wa watu amezeeka. Sasa tutauliza nani?"

"Muulizeni yeye yule yule," nikasema. "Niliyepika ni mimi. Nilimwaga maji mara nne, nikahamisha mawe saba. Aliniuliza, nikamdanganya. Hospitalini alinifunika."

Vikombe vilisimama.

"Kwa nini?" jirani akauliza.

"Nilihurumia maji."

Yeye pia alikuwa na mgongo ulioumia kwa maji hayo hayo, nadhani alielewa, na kuelewa hakukumpunguzia hasira. "Njia ya mwongo ni fupi," akasema, "lakini yako imepitia tumboni mwa mama yako." Akageuka, akaendelea kuchota. Hakuna mwingine aliyenisemesha mpaka nikajaza.

Kesho yake asubuhi waliingia wanawake wanne, jirani akiwa mbele, kila mmoja na isivu yake kwenye leso. Walimsalimu mama. Mimi walinipita. Mama alitoka na kigoda, akawatazama, kisha akanitazama mimi, akajua ni nani aliyesema. Akainama, akaokota mawe uwanjani, akamhesabia kila mwanamke saba mkononi.

Nilinyoosha mkono wangu nami nipewe. Akaupita.

"Wewe chukua mtungi," akasema. "Maji ya wote hawa utaleta wewe."

Nikachukua mtungi.